Wanene wa Mwanza mnashona wapi mnavaa nini? Nimechoka madera, nina sendofu na kazi mpya

Mrembo_Nyakato

Habarini wapendwa, hasa akina dada wa huku Kanda ya Ziwa. Naomba mnisaidie maana nimezunguka mpaka basi. Mi ni mnene, mnene wa kweli sio ule wa "nimeongezeka kidogo". Kifua inchi 46, kiuno 41, hipsi 53, af urefu wangu ni wa kawaida tu wala sio mrefu. Nimejipima na futi jana usiku mbele ya kioo kwahiyo hizo namba ni za uhakika. Mwili wangu naupenda, nisieleweke vibaya, sitafuti dawa ya kupungua wala chai ya kukata tumbo, natafuta NGUO.

Nina mambo mawili. La kwanza mwezi wa 12 kuna sendofu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na kamati imeshapitisha sare ya sisi dada zake, satini ya kijani ile iliyokolea inayong'aa, mshono kila mtu ajichagulie. Nikiwaza satini na hili tumbo nakosa raha kabisa maana ile kitu inaonyesha mpaka ulichokula. La pili nimehamishiwa ofisi ya mjini, kule nilikotoka nilikuwa stoo navaa dera na koti juu siku inaisha, sasa hivi nakaa mapokezi na watu wananiona wa kwanza wakiingia, nataka sketi na brauzi na suruali ambazo naweza kuzibadilisha badilisha wiki nzima. Na naenda kazini kwa boda kutoka Nyakato kwahiyo msinishauri sketi ya kunifunga magoti.

Shida ni kwamba ukiingia maduka ya nguo mpya ukitaja saizi yako dada wa dukani anakuangalia juu mpaka chini halafu anakuletea dera, au lile gauni la frisaizi ambalo hiyo frisaizi sijui walimpima nani. Zile XXXL zinazotoka China zinagoma kwenye mapaja. Na fundi ninayemtumia mtaani nikimwambia nataka gauni la kushika kiuno ananijibu "wewe mama tukuachie tu upate hewa", ananishonea kitu kimenyooka toka bega mpaka chini, nikivaa naonekana nina upana mmoja kila mahali na sio kweli, kiuno ninacho. Mnaofanana na mimi mnafanyaje jamani?

Mama_K_Kirumba

Karibu mdogo wangu, hapa umefika. Mi kifua changu ni kikubwa kuliko chako na navaa gauni za kushika kiuno miaka yote, na kanisani wananiuliza fundi wangu ni nani. Nitakwambia kitu ambacho hakuna fundi atakwambia kwa sababu anaona aibu kukitamka. Anza na sidiria. Usinunue hata yadi moja ya kitambaa kabla hujapata sidiria inayokutosha.

Wengi wetu tunavaa sidiria ambayo mkanda wa chini ni mkubwa na vikombe ni vidogo, basi titi linashuka linakaa karibu na tumbo, halafu ile nafasi kati ya titi na kiuno inapotea kabisa. Ile nafasi ndo shepu yenyewe mdogo wangu. Titi likinyanyuliwa likakaa pale panapotakiwa unajiona umerefuka kiwiliwili na kiuno kimejitokeza hata kabla hujavaa gauni. Jipime chini ya kifua pale futi inapokaa kwenye mbavu, iwe imekaza kidogo, hiyo ndo namba ya mkanda. Halafu pima juu penye ncha. Tofauti ya hizo mbili ndo ukubwa wa kikombe, kila inchi moja ni herufi moja, yaani inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D unaendelea hivyo. Ukikuta unatakiwa kuvaa 40 na kikombe cha D au zaidi usishangae, na ile kubwa uliyokuwa unavaa mpe mwenye mbavu zake. Mkanda ukae usawa mgongoni, ukiona nyuma umepanda juu ujue ni mkubwa, hautakubeba hata ukaze vipi zile kamba za mabegani, zitakukata mabega tu.

Ukishapata hiyo ndo uje kwenye gauni. La kukuokoa siku zote ni lile la kupishana kifuani linafungwa kamba ubavuni, rapu, lina shingo ya V. Hilo halichagui mwili kwa sababu unalifunga mwenyewe kwa kiasi chako, umekula ugali na sato umeshiba unalegeza kidogo. Yule mama Diane von Furstenberg aliuza rapu zake Marekani kuanzia 1974 na mpaka leo wanawake hawajaziacha, sio bure. Ila kwa sisi wenye kifua mwambie fundi aweke kifungo kidogo kile cha kubonyeza pale zinapopishana, upepo wa ziwa na boda ukikupiga utanishukuru.

Fundi_Igoma

Dada habari. Mi ni fundi cherehani na wateja wangu wengi ni akina mama wa mwili wako, naomba niongee kifundi kidogo.

Huyo anayekushonea kitu kilichonyooka sio kwamba hakupendi, ni kwamba kuchonga gauni la mwili mkubwa kuna kazi nyingi kuliko la mwili mdogo na bei unayomlipa ni ile ile, kwahiyo anakimbilia njia rahisi. Angalia vipimo vyako mwenyewe. Hipsi 53 kiuno 41, hapo kuna inchi 12 ambazo lazima zipotee kati ya hipsi na kiuno. Mtu mwembamba mwenye tofauti ya inchi 8 dati mbili nyuma (yale mapindo madogo yanayoshonwa kupunguza kitambaa kiunoni) na kuchonga pembeni zinamtosha. Wewe ukichonga pembeni peke yake inchi zote 12 gauni litatokeza nundu juu ya hipsi, halafu mshono utavuta. Inatakiwa pembeni zitoke kama inchi 4, zinazobaki zigawanywe kwenye dati, nyuma ziwe nne sio mbili, mbele ziwe fupi na nyembamba kwa sababu tumbo linataka nafasi. Au akate kwa vipande, ile mishono miwili mirefu inayoshuka toka begani au kwapani inapita kwenye titi mpaka chini, prinsesi. Mi wateja wangu wanene nawashonea prinsesi karibu zote, kwa sababu kila mshono ni sehemu ya kupunguza au kuongeza, na ile mistari ya kushuka wima inamrefusha mtu.

Vipimo. Asikupime juu ya dera. Apime kifua, chini ya kifua, kiuno, tumbo penyewe palipojaa (hapo wengi wanaparuka), hipsi, mkono wa juu, bega mpaka ncha ya titi, bega mpaka kiuno mbele NA nyuma maana mwenye kifua mbele inakuwa ndefu kuliko nyuma. Halafu ukae kwenye stuli apime hipsi tena ukiwa umekaa, zinaongezeka, na wewe utakaa mapokezi siku nzima na kwenye boda. Kitambaa kisichovutika kama kitenge au satini lazima kiachiwe inchi 2 kifuani na 2 mpaka 3 kwenye hipsi zaidi ya kipimo cha mwili. Hizo inchi sio unene, hizo ndo zinafanya nguo iteleze juu ya mwili badala ya kushika kila mkunjo. Nguo inayobana ndo inamwonyesha mtu mnene. Inayopwaya nayo ndo hivyo hivyo, unakuwa gunia. Katikati hapo ndo fundi anapolipwa.

Na mwambie aache akiba ya inchi moja nzima kwenye mishono ya pembeni. Mwili unapanda na kushuka.

Kingine, nyuma. Mwenye makalio gauni linapanda nyuma, ukisimama mbele liko magotini nyuma limepanda juu, picha zinatoka mbaya. Nyuma ikatwe ndefu kuliko mbele inchi moja au moja na nusu, ukivaa inalingana.

Satini sasa. Satini usiiogope ila haitaki kubanwa hata kidogo. Ikibana inafanya mistari ya kuvuta pale kwenye tumbo, mng'ao unaidaka ile mistari, na nyuzi zake zinateleza mishono inaanza kufunguka ukikaa. Fanya hivi. Liwe na bitana ndani gauni zima. Mkato uwe juu, chini tu ya kifua, au kiunoni hasa, halafu pale tumboni fundi aweke mikunjo ya kuvutia upande mmoja, inatokea ubavu wa kushoto inapita tumboni kwa mshazari. Mikunjo iliyokusudiwa inaficha ile isiyokusudiwa. Toka hipsi liachie lishuke. Na muulize mwenyekiti wa kamati kama mnaruhusiwa kutumia upande wa pili wa satini, ule usiong'aa sana, rangi ni ile ile na kwenye picha mtafanana. Kama anakataa basi kifuani na chini iwe ya kung'aa, pale katikati mbavuni na pembeni weka upande wa pili, utashangaa kiuno kilivyochongeka.

Kitambaa nunua cha kutosha. Kitenge upana wake ni kama inchi 45. Hipsi zako 53 jumlisha 3 za nafasi ni 56, nusu yake 28, weka na mishono kila kipande ni inchi 30, kwahiyo mbele na nyuma haviwezi kukaa sambamba kwenye upana mmoja. Inabidi kukata urefu mara mbili. Gauni la kufika chini ya magoti na mikono linakula karibu yadi 4, la solo, lile la kumwagika chini, linakula zaidi, ndo maana nasema kina mama wanene mnunue pisi nzima ya yadi 6, kinachobaki ni kilemba au brauzi. Usiende na yadi 3 halafu umlaumu fundi kwamba kakubana. Na kitenge cha pamba kilowekwe kikauke ndo kikatwe, kikija kurudi baada ya kufua hakuna wa kulia naye.

Muuza_Mitumba_MlangoMmoja

Dada Nyakato pole kwa kuzunguka, umezunguka sehemu ambayo nguo zako hazipo. Nguo zako zipo kwenye mitumba. Huko zinakotoka Uingereza, Ujerumani, Marekani wanawake wa mwili wako ni wengi na wanashonewa na kampuni kabisa za kwao, kwahiyo kwenye belo la magauni au la sketi lazima zitoke, tatizo watu wanachambua kwa macho hawasomi lebo.

Kariri haya majina. Evans na Simply Be na Yours ni za Uingereza za wanene tupu. Ulla Popken ni ya Ujerumani, nguo zake ni imara sana na suruali zake zina kiuno kizuri. Lane Bryant na Torrid ni za Marekani, hiyo Lane Bryant ilianzishwa na mama mmoja mhamiaji aliyekuwa anashona New York zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwahiyo hao wanajua wanachofanya. Ukiona lebo imeandikwa Curve nayo ni ya kwenu. Nguo hizi hazijachukuliwa nguo ya mwembamba wakaipanua tu, zimekatwa kwa mwili wenyewe, dati ziko mahali pake na mkono wa juu una nafasi.

Namba sasa maana hapa ndo watu wanapotea. 18 ya Uingereza ni kama 14 ya Marekani na ni kama 46 ya Ulaya. Yaani toka Uingereza kwenda Marekani toa 4, kwenda Ulaya ongeza 28. Ila kama lebo imeandika IT ya Italia namba zao zinapanda zaidi, 46 ya Italia ni ndogo sana kwako usiihangaikie. Kwa hipsi zako tafuta 24 ya Uingereza au karibu na hapo, juu pengine 20 au 22, ndo maana kwako wewe sketi na brauzi mbali mbali ni bora kuliko gauni la kununua tayari, unachukua kila kipande kwa saizi yake. Za Marekani ukikuta namba ina herufi W mwishoni kama 18W au 20W hiyo ndo yenyewe, imekatwa pana kiunoni, kwenye hipsi na mikononi kuliko 18 isiyo na W.

Lakini lebo ni ya kuanzia tu, nguo imeshafuliwa na imeshavutwa. Tembea na futi kwenye pochi. Laza nguo chini, pima toka kwapa mpaka kwapa zidisha kwa mbili, pima hipsi zidisha kwa mbili, ukipata inchi 55 au 56 kwenye sketi isiyovutika hiyo nunua macho yamefumbwa. Kiuno kikiwa kikubwa usiiache! Kupunguza kiuno ni kazi ndogo kwa fundi yoyote pale sokoni, kuongeza hipsi haiwezekani. Njoo asubuhi siku mizigo inafunguliwa, mchana wachuuzi wenzangu wa Igoma na Buhongwa wameshazichukua.

Mrembo_Nyakato

Jamani wabeja sana, asanteni!! Yaani nimesoma hapa mpaka chai imepoa. Fundi_Igoma hiyo ya dati nne nimeenda kuangalia gauni zangu zote, zina mbili mbili, sasa nimeelewa kwanini zinavimba pale nyuma. Mama_K nimejipima chini ya kifua imekuja 39 na nusu, na mimi navaa sidiria ya 44.

Naomba niongeze swali. Mikono yangu ya juu ni minene na huku jua la mchana mnalijua, sitaki mikono mirefu mizito. Na mkanda je, shoga yangu ananiambia nifunge mkanda mpana kiunoni juu ya kila kitu, wengine wanasema mnene asifunge mkanda. Na suruali, kila nikipata inayopita mapajani kiunoni nyuma inabaki wazi ukiinama kila mtu anaona.

Binti_Ukerewe

Dada mimi nitajibu ya mkanda kwa sababu nimeona wengi wanaharibu. Mkanda mpana mgumu juu ya tumbo unaligawa tumbo mara mbili, linatokea juu na chini yake, hapana. Mkanda wa kukufaa ni mwembamba au wa kitambaa kile kile cha gauni, na unakaa pale penye wembamba wako sio pale suruali inapokaa. Simama mbele ya kioo inama upande mmoja, pale panapokunjika ndo kiuno chako cha kweli, wanene wengi kiko juu zaidi ya tunavyodhani, karibu na mbavu. Funga hapo. Tumbo linabaki chini limefunikwa na sketi inayoshuka.

Mikono, chagua ya robo tatu inayoishia katikati ya kiwiko na kifundo, pale mkono unapoanza kuwa mwembamba. Ile mifupi inayoishia kwenye unene wenyewe wa mkono inauongeza. Kama unataka baridi shonesha ya shifoni au lesi isiyo na bitana mikononi tu, hewa inapita, hata kwenye sare yako ya satini muombe fundi mikono iwe ya shifoni ya kijani hicho hicho, italainisha mng'ao. Kanuni hiyo hiyo kwenye urefu wa sketi, isiishie katikati ya mguu ulionenepa, ishushe mpaka chini kidogo ya goti au iende mpaka pale mguu unapopungua juu ya kifundo.

Ofisini mimi naona ukianza na sketi mbili suruali moja brauzi nne na blazi moja unatosha. Sketi iwe ya vipande sita, ile inayolala kwenye hipsi halafu inafunguka kuanzia mapajani kwenda chini. Sio ya marinda yanayoanzia kiunoni, hayo yanakuongezea kitambaa pale pale ulipojaa. Ya vipande unapanda nayo boda huna wasiwasi, na ukishukia mjini ukapanda zile ngazi huchani kitu. Ndani vaa taiti fupi ya pamba inayofika juu ya goti, mapaja yakisuguana na hili joto ni michubuko tu, na hiyo taiti inafanya sketi iteleze vizuri. Pamba lakini, sio nailoni. Tunaishi kwenye mkoa unaolima pamba halafu tunavaa plastiki juani, inaniuma.

Brauzi isiwe ndefu mpaka inafunika makalio yote! Najua tunapenda kujifunika lakini brauzi ndefu na sketi ndefu inakufanya uwe na kiwiliwili kirefu na miguu mifupi. Iishie kwenye mfupa wa hipsi au ichomeke mbele. Shingo ya V au ya mviringo mpana. Blazi usilifunge vifungo, liache wazi, ule mstari wa katikati unaoonekana brauzi yako ndo unaokupunguza. Na rangi vaa. Nyeusi ni nzuri lakini nyeusi ya pwayupwayu haimpunguzi mtu, na nyekundu iliyokaa sawasawa inapendeza kwenye mwili mkubwa kuliko mdogo.

Mama_K_Kirumba

Binti hapo kwenye marinda sikubaliani na wewe asilimia mia. Marinda yaliyopigwa pasi yakashonwa kushuka mpaka chini ya tumbo halafu yakaachiwa hayaongezi kitu, mi ninayo ya hivyo na inanikaa. Yanayoongeza ni yale ya kukusanya na lastiki.

Binti_Ukerewe

Sawa mama nimekuelewa, hayo ya kushonwa kushuka yanakubalika. Nilimaanisha ya lastiki.

Shangazi_Pasiansi

Wanangu msilitukane dera. Dera ni la nyumbani na la kupumzikia na la kwenda kumtembelea mgonjwa, lina heshima yake. Ila mwenye dera anaweza kupitisha kamba ndani pale kiunoni likashikwa kidogo, fundi anafanya dakika chache. Mwanangu Nyakato na kitenge chenye maua makubwa angalia fundi anapolaza kitambaa, ua moja kubwa lisitue katikati ya tumbo wala mawili yasikae kwenye matiti. Likae begani au chini kwenye pindo. Hilo mafundi wanaharakisha hawaangalii, simama naye wakati anakata.

Fundi_Igoma

Shangazi umesema kweli, na sisi mafundi tunalijua.

Suruali dada. Kubaki wazi nyuma ni kwa sababu suruali za dukani zinapimwa kwa mtu ambaye kiuno na hipsi havijapishana sana. Nunua inayokutosha mapajani na kwenye makalio ukiwa UMEKAA, halafu fundi afungue ule mkanda wa nyuma katikati apunguze pale kwenye mshono wa nyuma mpaka kwenye mkanda, asipunguze pembeni, mifuko itavutika. Kama hutaki kufunguafungua, mkanda wa nyuma peke yake uwekewe lastiki pana na mbele ubaki bapa na zipu, hapo mbele panabaki pa ofisini na nyuma panakushika ukiinama. Ukishonesha mpya mwambie apime kina cha kukalia, unakaa kwenye kiti kigumu anapima toka kiunoni ubavuni mpaka kwenye kiti. Mguu uwe mpana ulionyooka toka pajani, kitambaa kizito kidogo kama krepu, kinashuka hakishiki shavu la mguu. Kiuno kiwe cha juu kifunike kitovu.

Kuhusu sendofu, mwezi wa 12 mafundi wote Mwanza hii wanakuwa wamejaa sare za sherehe na nguo za Krismasi, kazi inafanywa usiku na hakuna anayekaa kuchonga dati nne. Peleka kitambaa mwezi wa 10. Kubaliana naye kabisa kwamba kuna kujaribu mara mbili, mara ya kwanza kabla bitana haijafungwa likiwa limeshikizwa tu kwa uzi mrefu, na mlipe kwa hiyo kazi.

Mrembo_Nyakato

Kaka fundi nitakutafuta inboksi, mi nataka wewe ndo ushone. Kitambaa nakuja kukichukua Makoroboi Jumamosi kama kamati haijakigawa, yadi ngapi za satini nichukue? Na siku ya vipimo nije na nini?

Fundi_Igoma

Satini nyingi ina upana wa inchi 58 mpaka 60 lakini kwa gauni la kuachia chini na mikunjo ya tumboni usitegemee vipande viwili vikae kwenye upana mmoja, chukua yadi 5, na bitana yadi 4 iwe laini isiyovuta umeme. Mikono ya shifoni yadi moja na nusu. Siku ya vipimo njoo na sidiria ile utakayovaa kwenye sendofu sio nyingine, pamoja na taiti ya ndani na viatu vyenyewe, maana pindo nalikata ukiwa umesimama na viatu.